Kisima, Jaa na Soko: Suala la Uwajibikaji wa Serikali za Mitaa katika Tamthilia Tatu za Kiswahili

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili cha utawala kimeyazoea mno tangu Kenya ilipopata katiba mpya mwaka 2010, neno uwajibikaji ni moja katika yale yatamkwayo kila siku na kufafanuliwa kwa nadra. Asili yake ni wajibu, neno lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya jambo lililo lazima juu ya mtu. Ama neno jibu, ambalo sikio la Mswahili hulisikia ndani ya uwajibikaji, lina mzizi mwingine kabisa katika lugha hiyo hiyo ya Kiarabu. Hata hivyo sikio hilo halipotoki sana, kwani mtu aliyebeba wajibu wa umma hana budi kuwa na jibu pale anapoulizwa. Makala haya yananuia kuzipima tamthilia tatu za Kiswahili kwa kipimo hicho: ni nani anayeuliza, ni nani anayeulizwa, na jibu linatolewa wapi.

Tamthilia zenyewe ni Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia (2001), Mstahiki Meya ya Timothy Arege (2009) na Kigogo ya Pauline Kea (2016). Zote tatu zimepata kutahiniwa katika shule za sekondari nchini Kenya, kila moja kwa zamu yake. Kwa sababu hiyo, vijana wengi wa nchi hii wameanza kufikiri juu ya maji, taka, zahanati na masoko kwa kupitia tamthilia hizi, kabla hata ya kukanyaga ofisi yoyote ya serikali ya mtaa. Aghalabu husomwa kwa kutafutwa ndani yake ufisadi, udikteta na mapinduzi, na hapana shaka kwamba hayo yamo. Lakini kila moja ya tamthilia hizi inasimama juu ya kitu kinachoshikika, ambacho watu wa mahali pamoja hukitumia kwa pamoja: kisima, mji wenye kuhitaji kuzolewa taka, na soko. Yafaa basi kuuliza ni nini kinachokipata kitu hicho tangu pazia linapofunguliwa hadi linapofungwa.

I. Kisima

Katika Kifo Kisimani, watu wa Butangi wanatawaliwa na Mtemi Bokono, na mgogoro wao mkubwa unazunguka Kisima cha Mkomani, ambacho si kila mtu ana ruhusa ya kuyafurahia maji yake. Wasomaji wengi wamekiona kisima hicho kuwa ishara ya rasilimali ya taifa au ya haki zenyewe. Usomaji huo ni wa haki, nao unaungwa mkono na wakati ambapo tamthilia ilitokea, Wakenya walipokuwa katika mjadala mkali wa kuibadilisha katiba. Lakini ishara ina hatari yake. Msomaji akifanya haraka ya kukigeuza kisima kuwa taifa, husahau kwamba kisima ni kisima: kina kina chake, kina kamba na ndoo, na kuna mtu anayepaswa kukisafisha. Mwenye kiu wa Butangi haulizi juu ya falsafa ya utawala. Anauliza kwa nini asiteke maji.

Swali hilo ndilo linalomwangamiza Mwelusi. Msanii amelijenga jambo hili kwa ustadi kwa kulipitisha ndani ya nyumba moja, kwani muuaji wa Mwelusi ni Gege, ndugu yake, aliyeghilibiwa kwa ahadi ya kupewa binti wa Mtemi. Hapa tamthilia inafundisha jambo zito juu ya utawala usiotaka kuulizwa: haukomei kumnyamazisha mwulizaji, bali hutafuta mkono wa kumnyamazisha miongoni mwa walio karibu naye. Kwamba mauaji yanafanyika kisimani hasa, mahali pale pale penye madai, ni uamuzi wa kifani unaostahili sifa. Maji ambayo watu walinyimwa yanapata shahidi wa damu.

Pamoja na hayo, baada ya kifo hicho hasira ya wananchi inawaka na utawala wa Bokono unaporomoka. Hadhira inaondoka ikiwa imeshiba haki. Kisima nacho? Ni nani atakayekilinda kesho yake, kwa kanuni ipi, na nani ataulizwa kikikauka? Tamthilia hailigusi jambo hilo. Bokono alikuwa kizuizi, na kizuizi kimeondolewa, kana kwamba maji yatajigawa yenyewe.

II. Jaa

Mstahiki Meya ndiyo iliyo karibu zaidi na serikali ya mtaa kama Mkenya alivyoijua kabla ya mwaka 2013. Mji wa Cheneo una meya, madiwani, wafanyakazi wa baraza na zahanati. Zahanati haina dawa. Wafanyakazi hawalipwi inavyostahiki, wanagoma, na taka zinarundikana hadi uvundo unakuwa mhusika wa tamthilia. Jina la kitabu lenyewe ni kejeli iliyofumwa vizuri, kwani mstahiki ni mtu anayestahili, na tamthilia nzima inaweza kusomwa kama uchunguzi wa kile hasa anachokistahili mtu huyu.

Kinachoipa tamthilia hii nguvu kuliko zile nyingine mbili ni kwamba Arege ametega sikio kwenye lugha ya ofisi. Ametambua kuwa mtawala wa mtaa hakatai kujibu, hujibu sana. Daktari Siki anapomkabili Meya kuhusu dawa, habari anayopewa ni kuwa dawa zi njiani, subira ya siku chache tu inahitajika. Jibu hili lina umbo lote la jibu: lina mahali, lina muda, lina sauti ya hakika. Kitu kimoja tu halina, nacho ni dawa. Jibu la namna hii linaweza kuitwa jibu lisilojibu, na mwandishi amelichora kwa uaminifu unaomfanya msomaji acheke kwanza na kutahayari baadaye, kwa kuwa amekwisha kulisikia mara nyingi mbele ya madirisha ya ofisi.

Mfano wa pili ni ule wa yai. Meya analalamika kwamba yai aliloandaliwa ni dogo. Jambo hili huchukuliwa kama ushahidi wa ulafi, nalo ni hivyo, lakini lina maana ya ndani zaidi. Mtu huyu anajua vizuri sana maana ya uwajibikaji. Anajua kwamba aliyepewa kazi hupaswa kuieleza, kwamba kipimo kikipungua lazima pawe na sababu, na kwamba mtumishi wa jikoni hawezi kusamehewa kwa kusema yai kubwa li njiani. Kile anachokidai mezani kwake ndicho anachokikataa mjini. Kwa onyesho hilo dogo mwandishi ameuvunja utetezi wote wa kwamba watawala wa namna hii hawakufundishwa. Wanajua.

Jambo jingine la kuzingatiwa ni majina. Madiwani wa Cheneo hawana majina. Ni Diwani I, Diwani II na Diwani III. Mtu anaweza kudhani kwamba ni uvivu wa msanii, lakini matokeo yake jukwaani ni makali. Nambari haiulizwi. Raia hawezi kwenda nyumbani kwa nambari kudai mtaro uzibuliwe. Ndiyo maana Diwani III, anapotofautiana na wenzake na kuhoji maamuzi ya Meya, anaonekana kama nambari inayojaribu kuwa mtu. Maswali yake barazani ni miongoni mwa sehemu bora za kazi hii, kwa sababu ndiyo mahali pa pekee ambapo swali la umma linafika kwenye meza iliyowekwa kwa ajili ya kujibu maswali. Hata fimbo ya Meya, alama ya madaraka yake, inapofanyiwa njama ya kuuzwa, msomaji anatambua kwamba Cheneo imefika mahali ambapo ofisi imekuwa bidhaa na kilichobaki cha kuuza ni alama ya ofisi yenyewe.

Mwishoni Meya anatiwa mbaroni. Hapo tena hadhira inapumua. Lakini taka alizoziacha hazikutiwa mbaroni, na tamthilia inafungwa zikiwa bado barabarani. Swali la Diwani III limekatizwa na pingu. Mkosaji ameondolewa kabla hajajibu, na kuondolewa kwake kumechukua nafasi ya jibu.

III. Soko

Kigogo inaanza pazuri sana. Mafundi watatu, Sudi, Boza na Kombe, wamo karakanani katika soko la Chapakazi wakichonga, na wakichonga wanazungumza. Mazungumzo yao ni ya watu wa kazi: kodi inakusanywa, soko ni chafu, basi kodi inakwenda wapi? Hilo ndilo swali la msingi la serikali ya mtaa mahali popote duniani. Aliyetoa shilingi anataka kuona mtaro. Kea amelitia swali hilo katika vinywa vya watu wenye patasi mkononi, na mdundo wa kazi yao unaizuia hoja isigeuke hotuba.

Lakini tazama swali hilo linaulizwa wapi. Linaulizwa miongoni mwa wale wasioweza kulijibu. Na anapotokea Kenga, mshauri wa Majoka, haji na jibu. Analeta keki ya uhuru. Sudi anaikataa na Boza anaitetea, kwa kuwa nyumba ya Boza ina faida ndani ya utaratibu huo. Katika onyesho hili moja mwandishi amefupisha siasa nzima ya mitaa: raia anadai huduma, anapewa zawadi, na zawadi hiyo inagawanya wadai wenyewe. Huduma ni deni la anayetawala, ilhali zawadi humgeuza mdai kuwa mdaiwa. Anayekula keki hana tena kinywa cha kuuliza.

Soko hilo ambalo watawala hawakulisafisha ndilo wanalolifunga baadaye, na mahali pake panakusudiwa kujengwa hoteli ya kifahari. Hapa tamthilia inafichua njia ambayo watu wengi wa miji ya Afrika Mashariki wanaijua. Mahali pa umma huachwa pachakae kwanza. Kisha uchakavu huo huo hufanywa hoja ya kupachukua. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika methali hiyo asiyeziba ni mzembe. Sagamoyo inaongeza fasiri nyingine: yupo asiyeziba ufa kwa kuwa anaungoja ukuta uanguke, apate kiwanja. Miti nayo inakatwa kwa ridhaa ya wakubwa, na mazingira ya Sagamoyo yanaharibika kwa mkono ule ule unaoharibu soko lake. Kwa kuyaunganisha mambo hayo Kea ameonyesha kwamba uchafuzi wa mazingira haushuki kama mvua. Unaamuliwa, na wenye kuuamua hunufaika nao.

Mwisho wa Kigogo ni mpana kuliko wa Mstahiki Meya, kwa kuwa umma wenyewe unakusanyika penye lango la soko wakiongozwa na Tunu, na Kingi, mkuu wa polisi, anakataa kuwapiga risasi watu. Huo ni ushindi uliolipiwa kwa jasho na damu, wala si haki kuubeza. Bali hata hapo, Majoka anaanguka bila ya hesabu ya kodi ya Chapakazi kufunguliwa. Swali la karakanani lililoanzisha tamthilia halirudi kwenye onyesho la mwisho kudai jibu lake.

IV. Kuanguka kwa mtu na kubaki kwa mtaro

Kwa hiyo tamthilia zote tatu zina umbo moja. Zinaanza na kitu cha umma kilichoharibika, zinampata mtu aliyekiharibu, kisha zinamwangusha mtu huyo, na kitu chenyewe kinasahauliwa. Katika umbo hilo uwajibikaji umegeuka kuwa maangusho. Je, hili lina madhara gani nje ya jukwaa?

Historia ya Nairobi inatoa kielelezo. Mwaka 1983 serikali kuu ililivunja Baraza la Jiji kwa hoja ya usimamizi mbaya, ikaweka tume iliyoteuliwa kuliendesha jiji, na wenyeji hawakupata tena madiwani wa kuwachagua hadi uchaguzi wa mwaka 1992. Kwa kipimo cha tamthilia hizi, mwaka 1983 ungekuwa onyesho la mwisho: wakosaji wameondolewa, pazia lifungwe. Lakini uzoaji wa taka ulizidi kudhoofika katika miaka hiyo na iliyofuata. Jaa la Dandora, lililoanza kutumiwa katika miaka ya 1970, lilitangazwa mwaka 2001 kuwa limejaa, na malori yakaendelea kumwaga. Madiwani waliondoka, tume ikaja, baraza likarudi, na mwaka 2013 serikali ya kaunti ikachukua mahali pake. Jaa lilibaki pale pale, na majirani zake wakaendelea kuuvuta moshi wake. Kilichokosekana katika mabadiliko yote hayo hakikuwa mtu wa kuangushwa. Kilikosekana kitabu cha hesabu kilichofunguliwa mbele ya mwenye kodi.

Tena majukumu yenyewe yalikuwa yametawanywa kiasi kwamba swali halikujua liende wapi. Kwa sheria ya mwaka 1969, shughuli za elimu ya msingi, afya na barabara ziliondolewa kwa mabaraza ya wilaya zikapelekwa serikali kuu. Mwananchi wa mashambani akamwuliza diwani habari ya barabara, diwani akamwelekeza wizarani, na wizara ilikuwa Nairobi. Katiba ya 2010 ilijaribu kulitibu hilo. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, Ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa, na Jedwali la Nne linataja waziwazi kwamba uzoaji taka, masoko na huduma za maji ni kazi za kaunti. Yaani mwulizaji amepewa anwani.

Hapo ndipo Kigogo, iliyotokea mwaka 2016, inapozua mjadala. Sagamoyo haina baraza wala mkutano wa wananchi ambamo bajeti ya soko ingeweza kuhojiwa; ina Majoka tu. Mtetezi wa kazi hii anaweza kusema kwamba msanii amesema kweli ya ndani, kwamba katika maeneo mengi sheria imebadilika na vigogo wamebaki, na kwamba tamthilia si mukhtasari wa kikao. Utetezi huo una uzito. Jukwaa linahitaji mtu wa kuchukiwa, na mtaro ulioziba hauwezi kuzungumza. Ni kweli vilevile kwamba nchi za kubuni zimewapa waandishi wetu kinga ya kusema yasiyosemeka.

Lakini kinga hiyo ina mfano mwingine katika fasihi yetu wenyewe. Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) nayo ni nchi isiyo katika ramani, na ndani yake Karama anashitakiwa kwa kutaka kueneza elimu ya sheria. Karama haangushi mtu. Anasimama barazani siku sita, anatoa hoja kwa visa vya wajumbe waliopuuzwa na kuteswa, na baraza linalazimika kumsikiliza hadi mwisho. Kilele cha kazi hiyo ni kubadilika kwa utaratibu, wala hakikosi mvuto kwa sababu hiyo. Basi hoja ya kwamba swali na jibu haviwezi kubeba uzito wa kisanaa inapingwa na mapokeo ya Kiswahili chenyewe, ambayo yamejengwa katika baraza, malumbano na majibizano.

V. Hitimisho

Imeonekana kwamba nguvu ya tamthilia hizi tatu haimo katika miisho yake. Imo katika nyakati ambazo mtu anauliza na ofisi inashindwa kusema kitu cha maana: Mwelusi na kisima, Siki na dawa, Diwani III barazani, mafundi watatu karakanani. Nyakati hizo zimeandikwa kwa jicho kali na sikio sikivu, na kwa hizo waandishi hawa wanastahili kusomwa na kuigizwa tena na tena. Udhaifu ni kwamba kila mara swali linapokaribia kuwa zito kupita kiasi, tamthilia inalipumzisha kwa kifo, pingu au maandamano.

Kijana anayezisoma kwa ajili ya mtihani hujifunza kumtambua kigogo, nalo ni funzo la maana. Yafaa mwalimu amwongezee zoezi moja ambalo vitabu vyenyewe havikulitoa: aandike onyesho linalofuata. Majoka amekwisha kwenda, Tunu na Sudi wamekaa, na lango la Chapakazi li wazi. Mama mmoja muuza nyanya anaingia, maji machafu yakimfika vifundoni, mkononi ana risiti ya kodi aliyotozwa asubuhi hiyo, na anauliza ni lini mtaro utazibuliwa. Atakayemjibu mama huyo, na kwa maneno gani, ndiye atakayeonyesha kama Sagamoyo imebadilika.